Kulehemu, Kuchomelea na Kugundisha: Istilahi za Kuunga Metali za Vyombo vya Usafiri na Haja ya Mafundi wa Kasongo na Kabambare

1. Utangulizi

Katika karakana za Kasongo na Kabambare, kusini mwa jimbo la Maniema, ufundi wa baiskeli, pikipiki na magari hufundishwa kwa Kiswahili. Fundi humwelekeza mwanagenzi wake kwa lugha hiyo, mteja hueleza kasoro ya chombo chake kwa lugha hiyo, na bei hupatanwa kwa lugha hiyo. Kwa upande mwingine, shule za ufundi nchini Kongo hutumia Kifaransa, na vitabu vinavyotolewa na watengenezaji wa magari huandikwa kwa Kijapani, Kichina, Kiingereza au Kifaransa. Kwa hiyo istilahi za ufundi huu hukua kwa mdomo tu, na hukua kwa kadiri ya haja ya siku ile.

Miongoni mwa maneno yanayosikika sana katika karakana za mashariki ya Kongo ni kitenzi “kusude”, kilichoazimwa kutoka Kifaransa “souder”. Kitenzi hiki hutumika kwa kuziba rejeta iliyotoboka kwa kutumia bati na risasi, hutumika kwa kuunga mirija ya fremu ya baiskeli kwa shaba, na hutumika pia kwa kuunga shasi ya lori kwa moto wa umeme. Kwa macho ya mpita njia kazi hizo tatu ni moja: pana moto, pana metali inayoyeyuka, na mwishoni vipande viwili vimekuwa kimoja. Kwa metali yenyewe, hata hivyo, ni kazi tatu tofauti, na kila moja ina mipaka yake.

Makala haya yanakusudia kueleza njia kuu za kuunga metali za vyombo vya usafiri, namna metali hizo zilivyobadilika viwandani, na maneno ya Kiswahili yanayofaa kuzitenganisha kazi hizo. Hoja yake ni kwamba neno moja lililotosha wakati ambapo kila chombo kilikuwa cha chuma laini halitoshi tena, kwa kuwa chombo cha leo huchanganya metali nyingi, na kuunga kwa njia isiyofaa huweza kugharimu maisha ya abiria.

2. Vyombo na viungo katika historia ya Maniema

Chombo cha kale zaidi katika mto Lualaba ni mtumbwi. Mtumbwi huchongwa kutoka gogo moja. Hauna kiungo, na kwa hiyo hauna mahali pa kufunguka. Udhaifu wake ni kwamba ukubwa wake hauwezi kuzidi ukubwa wa mti. Mtu anayetaka chombo kikubwa kuliko mti hana budi kuunga, na hapo ndipo ufundi wa viungo unapoanza.

Watu wa pwani walilitatua tatizo hilo kwa njia zaidi ya moja. Mtepe, chombo kilichojulikana sana katika visiwa vya Lamu, uliundwa kwa mbao zilizoshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi bila msumari wa chuma. Kitenzi kilichotumika kilikuwa “kushona”, kilekile cha nguo. Jahazi, kwa upande wake, lilipigiliwa misumari, kisha nafasi za mbao zikatiwa kalafati ili maji yasipenye. Hivyo basi, tangu zamani Kiswahili kilitofautisha kushona, kupigilia na kuziba, kwa sababu aliyevichanganya vitendo hivyo baharini alizama.

Kiswahili hichohicho kilifika Maniema pamoja na misafara ya biashara iliyotoka Unguja kupitia Tabora na Ujiji. Kabambare ilikuwa kituo katika njia ya kuelekea Nyangwe, na Kasongo ikawa makao ya Hamed bin Muhammed el-Murjebi, aliyejulikana kwa jina la Tippu Tip. Mnamo Oktoba 1876 msafara wa Stanley ulipita Kabambare ukielekea Nyangwe, nao ulikuwa na mashua iliyoitwa Lady Alice. Mashua hiyo iliundwa Uingereza kwa vipande vilivyoweza kutenganishwa, vikabebwa na wapagazi nchi kavu, kisha vikafungwa pamoja tena majini. Kwa istilahi za fundi wa leo, hicho kilikuwa chombo chenye viungo vya kufungua. Manufaa yake yalikuwa katika kufunguka kwake. Kama vipande vyake vingaliungwa moja kwa moja, kisingalifika Lualaba.

Wenyeji wa Maniema nao walikuwa na ufundi wao wa metali kabla ya misafara hiyo. Cameron, aliyepita nchi hiyo mwaka 1874, alieleza habari za tanuri za kuyeyushia chuma na kazi za wahunzi. Mhunzi aliunga chuma kwa kukipasha moto mpaka kikawa cheupe kisha kukipiga kwa nyundo, kipande juu ya kipande, hata vikashikana. Kazi hiyo ndiyo mama wa uchomeleaji wote.

Baada ya hapo zilikuja zama za ribiti. Reli ya Kindu hadi Kongolo, iliyokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1910, pamoja na meli za mvuke za mto Lualaba, zilikuwa kazi za mabamba ya chuma yaliyotobolewa na kupigwa ribiti za moto. Ikafuata baiskeli, ambayo mpaka leo hubeba chumvi, mawese, mchele na vitambaa katika njia zisizopitika kwa lori. Kisha zikaja gari za Land Rover, zilizoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948 zikiwa na shasi ya chuma na bodi ya aloi ya alumini, kwa kuwa chuma kilikuwa adimu baada ya Vita Vikuu vya Pili. Kwa njia hiyo mafundi wa mashariki ya Kongo walikutana na alumini katika bodi ya gari miaka mingi kabla ya viwanda vingi vya Ulaya kuipokea.

3. Majina ya metali

Kabla ya kuzungumzia viungo, hapana budi kuyaangalia majina ya metali zenyewe, kwa maana baadhi yake hupotosha.

Neno “chuma” hutumika kwa metali yote inayotoka katika mawe ya chuma. Hata hivyo Kiswahili kina pia “chuma cha pua” na “feleji” kwa chuma kilichotengenezwa kikawa kigumu na chenye nguvu. Tofauti kati ya hivyo haiko katika sura bali katika kiasi kidogo cha kaboni na vitu vingine vilivyochanganywa, na katika namna kilivyopashwa moto na kupozwa. Chuma laini cha bodi ya gari la kale kina kaboni kidogo sana. Bamba la springi lina kaboni nyingi zaidi, kisha limepashwa moto, likapozwa ghafula na kupashwa tena kwa kiasi ili liwe na uwezo wa kupinda na kurudi. Yote mawili huitwa chuma, lakini yanapokutana na moto wa fundi hayatendi jambo moja.

Neno “bati” lina utata mkubwa zaidi, na katika Maniema utata huo una sura ya pekee. Bati kwa maana ya asili ni metali nyeupe, laini, inayoyeyuka kwenye nyuzi 232 za Sentigredi. Maniema ni mojawapo ya nchi za bati: mawe yake yamechimbwa tangu zama za ukoloni katika sehemu za Kalima, Punia na kwingineko. Lakini “bati” la kuezekea nyumba si bati hata kidogo. Ni bamba la chuma lililopakwa zinki. Hali kadhalika mabamba mengi ya bodi za magari ya leo hupakwa zinki ili yasishike kutu. Mwanagenzi anayedhani kwamba bati la gari ni bati la Kalima hatajua kwa nini moshi mweupe unatoka anapolichoma, wala kwa nini usiku ule anapata homa na baridi. Moshi huo ni wa zinki iliyoungua, na homa hiyo ni ugonjwa unaojulikana wa wachomeleaji.

“Shaba” nayo hugawanyika. Shaba nyekundu ni metali ya nyaya za umeme. Shaba ya manjano ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, nayo ndiyo inayotumika kuunga mirija ya baiskeli. “Alumini” haina utata wa jina, lakini ina utata wa tabia: uzito wake ni kama theluthi moja ya uzito wa chuma, huyeyuka kwenye nyuzi 660, na haibadiliki rangi kabla ya kuyeyuka. Fundi aliyezoea kuangalia chuma kikiwa chekundu, kisha cha manjano, kisha cheupe, huisubiri ishara isiyokuja, mara kipande chote huporomoka mikononi mwake.

4. Njia za kuunga na vitenzi vyake

4.1 Kufunga

Kufunga ni kuunga kwa bolti, nati au skrubu. Lugha yenyewe inaonyesha sifa ya kiungo hiki, kwa kuwa “funga” ina kinyume chake “fungua”. Kilichofungwa hufunguliwa bila kuharibiwa. Ndiyo sababu injini, magurudumu na springi hufungwa. Udhaifu wake ni mtikisiko: katika barabara yenye mashimo nati hulegea, na fundi anayefunga bila kukaza kwa kipimo hufanya nusu ya kazi.

4.2 Kupiga ribiti

Ribiti hupitishwa katika tundu, kisha ncha yake hupigwa hata ikatanuka. Haina kinyume, huondolewa kwa kukatwa au kutobolewa. Faida yake kubwa ni kwamba haihitaji metali mbili ziyeyuke, na kwa hiyo huweza kuunga alumini na chuma, ambavyo havipatani motoni.

4.3 Kulehemu

Kitenzi “lehemu”, chenye asili ya Kiarabu, kimetumika katika Kiswahili kwa maana pana ya kuunga metali kwa moto. Makala haya yanapendekeza maana yake ibanwe: kulehemu ni kuunga metali kwa metali nyingine inayoyeyuka mapema, huku vipande vyenyewe vikibaki vigumu. Mchanganyiko wa bati na risasi unaotumika kwa rejeta na nyaya huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183 tu. Shaba ya manjano inayounga mirija ya baiskeli huyeyuka karibu na nyuzi 900, ilhali chuma cha mirija hiyo hakiyeyuki mpaka karibu na nyuzi 1,500. Kwa hiyo panafaa kuwa na aina mbili: “kulehemu kwa bati” na “kulehemu kwa shaba”. Ya kwanza huzuia maji na hupitisha umeme, lakini haibebi mzigo. Ya pili hubeba mzigo, na baiskeli zinazovuka kutoka Kabambare zikiwa na magunia ni ushahidi wa kutosha.

4.4 Kuchomelea

Katika kuchomelea, vipande vyenyewe huyeyuka kwenye mipaka yao, vikachanganyika na metali ya elektrodi, kisha vikaganda pamoja. Umbo la kitenzi hiki linastahili kuangaliwa. Mzizi ni “choma”, wenye maana mbili katika Kiswahili: kuunguza kwa moto na kudunga kwa kitu chenye ncha. Kutokana nao hupatikana “chomea”, na kwa kurudia kiambishi cha kutendea, “chomelea”. Neno hili limekwisha kuenea Tanzania, ambako huzungumzwa juu ya wachomeleaji na uchomeleaji, nalo laweza kupokewa Maniema bila taabu, kwa kuwa mzizi wake unafahamika kwa kila mtoto.

Ni vyema kukumbuka pia kwamba “ungua” si kinyume cha “unga”, ingawa umbo lake lafanana na jozi ya “funga” na “fungua”. “Ungua” katika matumizi ya leo ni kupatwa na moto. Ufanano huu wa bahati waweza kumsaidia mwalimu, kwa maana kila kiungo cha kuchomelea kina sehemu iliyoungwa na sehemu iliyoungua. Pembeni mwa mshono pana ukanda wa chuma ambao haukuyeyuka, lakini ulipata joto la kutosha kubadili tabia yake. Fundi wengi wameona kwamba chombo hakikatiki katika mshono bali kando yake. Ukanda huo, unaoweza kuitwa “ukanda wa joto”, ndio kiini cha matatizo yatakayoelezwa hapa chini.

4.5 Kugundisha

Gundi haikuwa na heshima katika ufundi wa magari wa zamani. Leo kioo cha mbele cha gari hushikwa na gundi, na hushiriki katika kuipa bodi uimara wake. Viwandani, gundi hutandazwa kati ya mabamba kabla ya kuyachomelea au kuyapiga ribiti, ili mzigo usibebwe na nukta chache bali na upana wote. Gundi hudai mambo mawili: usafi na subira. Mahali penye mafuta, vumbi au unyevu haishiki, hata iwe ya bei gani.

5. Yaliyobadilika viwandani

Kwa muda mrefu bodi ya gari ilikuwa kazi ya mabamba ya chuma laini yaliyochomelewa kwa nukta. Katika njia hii, iliyotokana na uvumbuzi wa Elihu Thomson huko Marekani katika miaka ya 1880, mabamba mawili hubanwa kati ya ncha mbili za shaba, umeme mwingi hupitishwa kwa muda mfupi sana, na nukta moja huyeyuka katikati. Bodi moja ya gari huwa na nukta elfu kadhaa. Gari la namna hiyo likigongwa Kasongo, fundi aliweza kulinyoosha kwa nyundo na kulichomelea kwa gesi, na chuma kilibaki karibu sawa na kilivyokuwa.

Mabadiliko yalisukumwa na haja mbili zinazovutana: gari liwe jepesi ili lile mafuta kidogo, na liwe imara ili limlinde aliyemo ndani. Jibu la kwanza lilikuwa chuma chenye nguvu nyingi. Mwaka 1984 kampuni ya Saab ya Sweden ilianza kutumia katika gari la 9000 chuma chenye boroni kidogo, kinachopashwa moto wa nyuzi zaidi ya 900 kisha kushindiliwa na kupozwa papo hapo ndani ya kalibu. Chuma cha aina hii huhimili mvuto wa nyutoni 1,500 hivi kwa kila milimita ya mraba, yaani mara kadhaa ya uwezo wa chuma laini. Nguvu hiyo haikutokana na unene bali na namna ya kupozwa. Moto wa fundi ukiigusa, chuma hurudi kuwa laini mahali pale, na nguzo iliyokusudiwa kumlinda abiria hupinda kama waya.

Jibu la pili lilikuwa alumini. Kampuni ya Audi ilitoa gari la A8 lenye kiunzi cha alumini mwaka 1994. Jaguar ilitoa XJ mwaka 2003 ikiwa na bodi ya alumini iliyoungwa kwa ribiti na gundi. Alumini huvikwa utando wa oksidi unaoyeyuka kwenye nyuzi zaidi ya 2,000, ilhali metali iliyo chini yake huyeyuka kwenye 660. Kwa hiyo huchomelewa kwa mashine maalumu na gesi ya kuukinga mshono na hewa. Mojawapo ya njia hizo hutumia ncha ya tangsteni, metali inayoyeyuka kwenye nyuzi zaidi ya 3,400, ambayo mawe yake nayo hupatikana Maniema, katika eneo la Kailo. Njia nyingine, iliyobuniwa Uingereza mwaka 1991, haiyeyushi chochote: pini inayozunguka husuguliwa kwenye mpaka wa vipande hadi vikalainika na kukorogana. Fundi huyu wa leo amerudi, kwa namna fulani, kwa mhunzi wa Manyema aliyeunga bila kuyeyusha.

Jibu la tatu ni kupunguza viungo. Tangu mwaka 2020 kampuni ya Tesla imekuwa ikimimina sehemu ya nyuma ya gari lake la Model Y katika kalibu kubwa, badala ya kuunga vipande vingi. Wazo hilo ni lilelile la mtumbwi: kisicho na kiungo hakifunguki. Lakini kikipasuka, ni vigumu kukiunga.

6. Athari katika karakana

Magari mengi yanayofika kusini mwa Maniema yamekwisha kutumika katika nchi nyingine. Hivyo metali za kiwanda hufika Kasongo miaka mingi baada ya kubuniwa, bila kitabu wala maelezo. Pikipiki, kwa upande mwingine, hufika zikiwa mpya, na ndizo zinazobeba watu wengi zaidi katika njia za Kabambare, Salamabila na Namoya. Mifano ifuatayo yaonyesha namna neno moja linavyoweza kumpotosha fundi mwema.

Wa kwanza ni bamba la springi lililokatika. Kwa kuwa ni chuma, huchomelewa. Mshono huonekana mzuri, lakini ukanda wa joto umepoteza ule upashwaji wa awali na umekuwa mgumu na wenye kuvunjika kama kioo, hasa fundi akiupoza kwa maji ili amalize haraka. Lori huondoka likiwa limejaa, na bamba hukatika tena kando ya mshono, pengine kwenye mteremko. Bamba la springi halichomelewi, hubadilishwa.

Wa pili ni elektrodi zenye unyevu. Maniema ni nchi ya mvua na misitu. Utando wa elektrodi hunywa maji ya hewa, na motoni maji hayo hutoa haidrojeni inayoingia katika mshono. Ufa hauonekani siku ile; hujitokeza baada ya saa au siku kadhaa, chombo kikiwa njiani. Elektrodi hazina budi kuhifadhiwa katika chombo kilichofungwa vyema, na zile za kuungia vyuma vyenye nguvu hukaushwa kwenye tanuri kabla ya kutumika.

Wa tatu ni kasha la injini ya pikipiki, ambalo ni aloi ya alumini. Likipasuka kwa jiwe, elektrodi ya chuma hulitoboa zaidi. Hapa gundi ya mirija miwili, ikipakwa mahali palipokwanguliwa, kuoshwa kwa petroli na kukaushwa, hufanya kazi ambayo moto hauwezi. Lakini gundi hiyohiyo haifai kwa shingo ya fremu, inayobeba usukani na uzito wa abiria watatu.

Wa nne ni tangi la mafuta. Tangi lililomwagwa lote huonekana tupu, kumbe limejaa mvuke wa petroli. Iwe ni kulehemu kwa bati au kuchomelea, moto ni moto, na tangi halipaswi kukaribiwa kabla ya kuoshwa vizuri na kujazwa maji hadi karibu na mahali pa kazi.

Wa tano ni kugusana kwa alumini na chuma. Bodi za Land Rover za zamani zilionyesha jambo hili wazi: mahali metali hizo mbili zilipokutana na maji yakaingia, alumini ililika na kuwa unga mweupe. Fundi anayepiga ribiti ya chuma katika bamba la alumini hana budi kutia kati rangi, gundi au mpira. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa namna hii huanza katika tone la maji.

Hatimaye, kabla ya kuchomelea gari lolote lenye vifaa vya elektroniki, betri haina budi kufunguliwa na waya wa ardhi kufungwa karibu na kiungo, ili umeme wa mashine usipite katika vifaa hivyo.

7. Pendekezo la istilahi

Kwa kuzingatia hayo, vitenzi vifuatavyo vyaweza kufundishwa kwa pamoja, kila kimoja na mpaka wake:

kufunga – kuunga kwa bolti, nati au skrubu, kiungo hufunguliwa.
kupiga ribiti – kuunga kwa kigingi cha metali kinachotanuliwa, hakuna kinachoyeyuka.
kulehemu kwa bati – kuunga kwa metali inayoyeyuka kwa joto dogo, hakibebi mzigo.
kulehemu kwa shaba – kuunga kwa shaba ya manjano, vipande haviyeyuki, hubeba mzigo wa wastani.
kuchomelea – kuunga kwa kuviyeyusha vipande vyenyewe. Huacha ukanda wa joto.
kuchomelea kwa nukta – kuchomelea mabamba kwa umeme na mbano, mahali pamojapamoja.
kugundisha – kuunga kwa gundi. Hudai usafi na muda.

Haipendekezwi kwamba “kusude” lifukuzwe. Neno lililokwisha kuota mizizi midomoni mwa watu haliondoki kwa amri, na wala si kosa lake kwamba limebebeshwa mengi. “Souder” lenyewe, katika Kifaransa cha kila siku, hubeba mzigo huohuo. Linaweza kubaki kuwa jina la jumla, kama vile “kuunga” lilivyo, ilimradi fundi aweze kuuliza na kujibu: kusude kwa namna gani? Swali linaloyatenganisha yote ni moja, na mwanagenzi yeyote aweza kulijibu: kilichoyeyuka ni nini? Ikiwa hakuna kilichoyeyuka, ni kufunga, ribiti au gundi. Ikiwa imeyeyuka metali ya kuongeza tu, ni kulehemu. Ikiwa vimeyeyuka vipande vyenyewe, ni kuchomelea, na hapo ndipo fundi apaswapo kuuliza ni chuma cha aina gani kabla ya kuwasha jenereta.

Katika kukuza istilahi, Maniema haina haja ya kuanza mwanzo. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990, ilikwisha kutoa maneno mengi ya msingi juu ya joto, metali na umeme. Kinachobaki ni kuyashusha maneno hayo hadi karakanani, na kuyapandisha ya karakana hadi katika kamusi, kwa kuwa mafundi wanaonyosha fremu chini ya mwembe nao wana maneno ambayo kamusi hazijayasikia.

8. Hitimisho

Imeelezwa kwamba vyombo vya usafiri vimepita kutoka mtumbwi usio na kiungo hadi gari lenye maelfu ya viungo vya aina mbalimbali, na kwamba Kiswahili kilikuwa na vitenzi vya kutosha katika kila hatua watumiaji wake walipolazimika kutofautisha. Imeonyeshwa pia kwamba metali za leo hupata nguvu zake kutokana na namna zilivyopashwa na kupozwa, na kwa sababu hiyo moto usiofaa huziharibu bila kuacha alama inayoonekana. Abiria anayepanda pikipiki kutoka Kasongo kwenda Kabambare hawezi kuuona ukanda wa joto ulio chini ya rangi mpya. Humwamini fundi. Fundi naye hutenda kwa kadiri alivyofundishwa, na hufundishwa kwa maneno. Walimu wa shule za ufundi na walimu wa Kiswahili, ambao kwa kawaida hawakutani, wanayo kazi ya kufanya pamoja katika jambo hili, na orodha ya vitenzi saba si mzigo mkubwa kuanzia.